Sydney kwa siku chache: feri ya abiria ilinitosha, boti ya watalii niliiacha

Ukianza kupanga safari ya Sydney mtandaoni, kitu cha kwanza utakachouziwa ni mzunguko wa bandarini kwa boti ya watalii: chakula cha mchana, glasi ya kinywaji na mwongozaji mwenye kipaza sauti. Nilitazama bei, nikafunga ukurasa. Badala yake nilipanda F1, feri ya umma inayotoka Circular Quay, gati kuu la feri katikati ya jiji, kwenda Manly, kitongoji cha ufukweni, ile ile wanayopanda watu wakitoka kazini. Bandari ni hiyo hiyo, na nauli ni ya kawaida tu.

Nianze na malipo, maana ndiyo yaliyonifanya nipange siku zangu nilivyozipanga. Huhitaji kununua kadi yoyote. Kadi yako ya benki ya Visa au Mastercard inayolipa kwa kugusisha inafanya kazi kwenye treni, metro, basi, tramu na feri, kwa nauli ile ile ya mtu mzima mwenye Opal, kadi yao ya usafiri. Aliyezoea N-Card, kadi ya kulipia feri ya Kigamboni, Dar es Salaam, hatafundishwa. Ila kila mtu awe na kadi yake, na ukianza na simu usimalizie na kadi, mfumo unazihesabu kama wasafiri wawili. Uzuri wenyewe ni kikomo cha siku: ukishafikia kiasi fulani, safari zinazobaki siku hiyo hukatwi tena. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na sikukuu, kikomo hicho ni karibu nusu ya siku nyingine, chini ya dola 10 za Australia nilipokwenda. Kwa hiyo safari zote za mbali nilizisukuma mwisho wa wiki, na siku za kazi nikazunguka mjini kwa miguu.

Sasa feri yenyewe. Inaondoka gati namba 3, na safari ni kama nusu saa. Feri kubwa za njia hii, za kijani na krimu, zinabeba abiria zaidi ya elfu moja na hazina gari hata moja ndani. Ushauri wangu: wakati wa kutoka kaa upande wa kulia, nje, usiende kujifungia ndani kwenye viti. Dakika chache tu Opera House, lile jumba maarufu la maonyesho, inakupitia pembeni, karibu kiasi cha kuwaona watu wakipanda ngazi zake. Ikishapita, kimbia nyuma ya chombo: hapo unapata Opera House na daraja la Harbour kwenye picha moja, bila kichwa cha mtu mbele yako kama umewahi nafasi. Kulia tena inakuja ngome ndogo ya Fort Denison katikati ya maji, halafu meli za jeshi la majini pale Garden Island.

Halafu bandari inafunguka. Mnapopita usawa wa lango la bahari, baina ya North Head na South Head, mawimbi ya Pasifiki yanaingia moja kwa moja na feri inaanza kuyumba kweli kweli. Watoto walikuwa wakipiga kelele za furaha. Mama mmoja mbele yangu akafumba macho akashika chuma. Mwenye tumbo jepesi akae katikati, ghorofa ya chini. Siku mawimbi yakizidi feri husitishwa na abiria hupelekwa kwa basi, basi angalia hali ya hewa asubuhi kabla ya kujipanga. Na tahadhari moja: kuna boti za kasi za kampuni binafsi zinazokwenda huko huko kutoka gati la jirani. Zinawahi, lakini hazihesabiwi katika kile kikomo.

Manly yenyewe ni kuvuka barabara ya maduka ya Corso tu, na unatokea ufukwe wa bahari kuu uliopandwa misonobari mirefu ya Norfolk. Ogelea baina ya bendera za nyekundu na njano, sehemu inayolindwa na waokoaji, hilo halina mjadala. Hata sisi wa pwani tunaojiona tumezaliwa majini, mkondo wa huko si wa kuchezea. Maji ni ya baridi kuliko unavyofikiria. Mimi niliishia magotini, nikala samaki na chipsi nikiwa nimevaa sweta.

Wakati wa kurudi, panda feri ya jioni.

Opera House nilikwenda kuigusa siku nyingine. Kwa mbali ni nyeupe pe. Kwa karibu unaona ni vigae vidogo vidogo, zaidi ya milioni moja, vingine vya kung'aa na vingine vya rangi ya krimu iliyofifia, vimepangwa kwa mistari inayokutana kwenye ncha. Kuzunguka nje ni bure, kuingia ndani kwa ziara ni kulipa. Msanifu wake, Jørn Utzon wa Denmark, alishinda shindano mwaka 1957, akagombana na serikali ya jimbo akaondoka 1966, na jengo likafunguliwa 1973 bila yeye. Alifariki 2008 hajarudi hata siku moja kuliona limekamilika. Nilikaa kwenye zile ngazi nikiliwaza hilo kuliko hata usanifu.

Daraja pia usilipe. Kulipanda juu kabisa kwenye tao ni mamia ya dola. Kulivuka kwa miguu kwa njia ya upande wa mashariki ni bure, na mandhari unayoipata inatosha sana. Panda kutokea mtaa wa The Rocks, teremkia ng'ambo pale Milsons Point, rudi kwa treni. Royal Botanic Garden, iliyoanzishwa 1816, nayo haina kiingilio, na pale Mrs Macquarie's Chair ndipo wote wanapopigia picha zile unazoziona.

Jumamosi nilikwenda Blue Mountains kwa treni kutoka kituo cha Central hadi mji wa Katoomba, saa mbili hivi, ndani ya kikomo kile kile. Pale Echo Point miamba ya Three Sisters ilikuwa imefunikwa na ukungu karibu asubuhi nzima. Ukiwa na siku chache, usiifunge siku hiyo mapema, subiri utabiri.

Kwa wanaotokea nyumbani: Watanzania na Wakenya tunaomba viza ya mgeni, namba 600, mtandaoni, na ianze kushughulikiwa mapema kabla ya kulipia hoteli isiyorudisha pesa. Soketi zao ni za meno ya mshazari, plagi zetu haziingii. Chakula chochote ulichobeba kiandike kwenye fomu ya kuingilia. Nilikuwa na pakiti ya majani ya chai, nikaweka tiki ya ndiyo, ofisa akaigeuza mara mbili akanirudishia. Asiyetaja ndiye anayepigwa faini. Anayetafuta chakula halali apande treni hadi kitongoji cha Auburn, kuna migahawa ya Kituruki na msikiti mzuri wa Gallipoli.

Feri naipa nyota tano. Mfumo mzima naupa nne, kwa sababu ya treni ya uwanja wa ndege: juu ya nauli unakatwa kiingilio cha kituo, zaidi ya dola 17 kwa kichwa, na kile kikomo cha siku hakikukingi. Mkiwa wanne hiyo inapita dola 68 kabla ya nauli yenyewe, bora mchangie teksi. Ukiwa peke yako na begi dogo, basi namba 420 linakutoa uwanjani hadi kituo cha Mascot, hapo unapanda treni ile ile bila kiingilio.