Kufunga grupu la dagaa: WhatsApp au Telegram?

Nilikuwa na magrupu mawili ya wanunuzi wa dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza: moja WhatsApp, jingine Telegram. Mwaka huu nimeyafunga yote, na kazi haikuwa sawa.

Telegram ni dakika moja. Mwenye grupu anaingia kwenye taarifa za grupu, anachagua kufuta kwa wote, basi. Ujumbe, picha za ndoo, sauti za saa kumi alfajiri, vyote vinatoweka kwenye simu ya kila mtu, wala havirudi. Hapo ndipo nilipoumia: mama mmoja wa Igombe alikuwa ameandika humo nani anamdai nani, nami sikuhifadhi nakala kwanza.

WhatsApp inachosha. Nilitoa watu mmoja mmoja, 213, kidole kikauma (mvua ilikuwa inanyesha, sikuwa na pa kwenda). Wakiisha, unajitoa mwenyewe, ndipo unafuta. Ukijitoa mapema nawe ndiye admini pekee, uadmini unamwangukia mwanachama mwingine, na grupu linaendelea bila wewe. Ila uliowatoa wanabaki na mazungumzo ya zamani kwenye simu zao, kwa hiyo madeni hayapotei.

Kwa biashara ya mkopo, mimi nachagua usumbufu wa WhatsApp. Telegram ningeiachia grupu la harusi, maana picha za watu wakicheza ukumbini hakuna atakayezidai. Na popote pale, watangazie siku tatu kabla. Mimi sikutangaza, simu iliita mpaka usiku.