Asubuhi kinasema kweli, mchana kinadanganya

Nilikuwa nimeshaamua kukipa nyota moja. Ngoja kwanza niseme ya moyoni.

Hiki ni kifaa cha kukusanya data za joto nilichonunua kwa ajili ya tanuri langu dogo. Themokapo aina ya K (kihisi joto cha nyaya mbili za metali tofauti, chanya na hasi) iko tanurini, kisha waya wa kuongezea unakuja hadi mezani kwenye kompyuta. Asubuhi tanuri likiwa baridi, namba zinakubaliana na kipimajoto cha chumbani. Nikiliwasha, saa moja haiishi, zinaanza kubaki nyuma. Kidhibiti cha tanuri kinasema 400, kifaa kinasema 330. Kesho yake vivyo hivyo.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea hakuningoja nimalize. "Kaka, kifaa chetu hakina shida. Themokapo yako imechakaa, nunua nyingine." Nikamwambia hii ni mpya, nimeitoa kwenye mfuko juzi tu. Akacheka. Alicheka, jamani! "Basi soma kitabu cha maelekezo." Simu ikakatwa.

Na mimi mjinga nikanunua nyingine. 330 ileile.

Hapo nikaacha kusikiliza watu. Nikaunganisha chanya na hasi pale kwenye kifaa kwa kipande kifupi cha waya: kikasoma joto la chumba, kama inavyotakiwa. Nikaifunga themokapo moja kwa moja kwenye kifaa na kuichovya kwenye maji ya barafu: sifuri, ikipungua au kuzidi kidogo. Wote wawili hawana hatia. Mshtakiwa aliyebaki ni waya wa kuongezea. Nikapuliza kikausha nywele pale unapoungana na themokapo, na usomaji ukashuka! Joto linapanda, namba zinashuka.

Nikachukua sumaku, nikajaribu nyaya mbili zilizo ndani ya waya huo wa kuongezea. Kwenye aina ya K, waya hasi ndio unaovutwa na sumaku. Ukavutwa ule mwekundu, ambao mimi, kwa mazoea ya betri, niliufunga kwenye chanya. Kumbe kwa rangi za Kimarekani, nyekundu ya themokapo ni hasi.

Ningekosea upande mmoja tu, ningegundua siku ileile, maana namba zingeshuka kila tanuri linapopanda. Nilikosea pande zote mbili, kwenye kifaa na kwenye maungio ya themokapo, kwa hiyo kosa likajificha. Asubuhi maungio na kifaa vina joto moja, hakuna tofauti. Mchana maungio yanafika 60, kifaa kiko 25, na kwa kuwa waya uliogeuzwa unaitoa tofauti hiyo badala ya kuiongeza, usomaji unapungua mara mbili yake. Piga hesabu: 35 mara mbili ni 70. 400 toa 70.

Kwa hiyo nyota tatu? Nne hata, maana baada ya kugeuza nyaya kinasoma vizuri ajabu, na hakijayumba tangu hapo. Lakini kwenye kitabu hicho nilichoambiwa nisome kuna alama za kuongeza na kutoa tu, neno moja kuhusu rangi hakuna! Na yule kijana angeuliza swali moja, "waya mwekundu umeufunga wapi?", nisingekuwa na themokapo ya ziada kabatini. Mbili. Nyota mbili, na zote ni za kifaa.

Nilipiga tena kuwaeleza, ili wamsaidie mwingine. Akapokea yuleyule. "Kaka, themokapo yako..."

Safari hii nilikata mimi.