Begi lilibaki Kisongo, na kaunta ikatudanganya

Ndege ya saa nane mchana kutoka Kisongo, kiwanja kidogo cha ndege cha Arusha, kwenda Dar, kipindi kile cha jua kali kabla ya masika. Abiria wote tumefika, mabegi tisa hayakufika, na langu lilikuwa mojawapo. Mama mmoja mtu mzima akasogea kaunta, akasalimia vizuri, akauliza mzigo wake uko wapi. Dada wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu. "Mfumo umegoma. Njooni kesho." Mama akauliza kesho saa ngapi, maana amefikia Mbagala na nauli si ya kuchezea. "Mama, si nimeshasema kesho?"

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya rubani.

Hakuna mfumo uliogoma. Yale mabegi yaliachwa kwa hesabu, kwa mkono wa mtu, yakashushwa kwenye toroli huku sisi tumeshafunga mikanda, na hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Hicho ndicho kinachoniuma. Wangesema ukweli ningewatetea mwenyewe mbele ya yule mama.

Ukweli ni huu. Kiwanja cha Kisongo kiko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari, yaani futi 4,550 hivi. Kwa kimo hicho, joto ambalo marubani huliita la kawaida kwenye hesabu zao ni nyuzi 6 tu. Mchana wa jua kipimajoto kikisoma 28, umezidisha nyuzi 22, na kila nyuzi ya ziada huhesabiwa kama futi 120 za kimo. Piga hesabu: futi 2,640 juu ya zile 4,550. Ndege imesimama Kisongo lakini inajihisi iko kwenye futi karibu 7,200. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Bawa linashika hewa kidogo, pangaboi linasukuma hewa kidogo, injini nayo inavuta hewa kidogo, yote matatu kwa wakati mmoja. Ili inyanyuke, ndege lazima ikimbie kwa kasi kubwa zaidi kwa asilimia 11 hivi, na lami inayoliwa inaongezeka kuliko hapo.

Sasa watu wanasema: si njia ya kurukia imeongezwa? Imeongezwa kweli, kutoka mita 1,620 hadi 1,840, na mimi ni mmoja wa waliofurahi. Mita 220 si haba. Zinampa rubani nafasi ya kusimama akighairi kuruka, na mvua ikinyesha lami ikawa telezi zinaokoa matairi na breki. Lakini uzito wa ndege kama ATR 72, ile ya pangaboi mbili, hauamuliwi na urefu wa lami peke yake. Kuna mipaka kadhaa, na unaobana zaidi ndio unaotawala. Upo wa lami: je, itafika kasi ya kuruka, au itasimama, kabla lami haijaisha? Upo wa kupanda: injini moja ikizima pale pale baada ya kasi ya uamuzi, ile ambayo ukishaipita lazima uruke, ile iliyobaki itaweza kuipandisha kwa mwinuko unaotakiwa kisheria? Halafu upo wa vizuizi vilivyo mbele ya njia, na anayeijua Arusha hahitaji kuelezwa kuhusu vilima na Mlima Meru ulivyokaa.

Karatasi ya uzito, wenyewe wanaiita lodishiti, haijazwi kwa kuamini kwamba injini zote mbili zitafanya kazi. Inajazwa kwa kudhani moja itakufa katika sekunde mbaya kuliko zote. Kwa hiyo siku ya joto, mpaka wa kupanda ukishakuwa ndio unaobana, ukiongeza lami hata nusu kilomita haikupi kilo moja zaidi. Lami ndefu haiongezi hewa kwenye injini. Upanuzi ukitangazwa watu wanaambiwa urefu wa njia na idadi ya abiria watakaohudumiwa. Hili la hewa sijasikia kaunta yoyote ikimweleza abiria.

Mabegi tisa ya kilo 20 ni kilo 180. Mafuta ya ndege yana uzito wa karibu kilo 0.8 kwa lita, kwa hiyo ni kama lita 225. Kwa nini wasipunguze mafuta basi? Kwa sababu mafuta si ya kufika Dar tu. Yapo ya safari, yapo ya kwenda kiwanja mbadala kama Dar imefungwa na mvua, na yapo ya akiba ambayo rubani haruhusiwi kupanga kuyatumia. Hayo hayaguswi. Abiria ameshalipia kiti, akiachwa ni kelele. Begi halipigi kelele. Ndiyo maana linashuka begi.

Na uamuzi huo ni halali. Rubani aliyekataa kuruka na kilo 180 za ziada mchana ule alifanya kazi yake, na ningepanda naye tena kesho asubuhi.

Ninachokataa ni kilichotangulia. Joto la saa nane halikuwashtukiza. Utabiri wa joto unajulikana tangu asubuhi, idadi ya abiria inajulikana, na jedwali la uzito wa juu kwa kila nyuzi liko ndani ya faili la ndege. Saa nne asubuhi mtu wa uzito anaweza kusema kwa uhakika kwamba leo ndege ya mchana haibebi kila kitu. Kaunta ya Arusha ilipokea mabegi yote, ikabandika vitambulisho, ikatutakia safari njema, ilhali inajua mengine hayaendi. Walikuwa na nafasi ya kuuliza hadharani: nani mzigo wake unaweza kungoja ndege ya kesho asubuhi? Wangepata watu. Mwenye dawa ndani ya begi angezitoa. Mwenye nguo za msiba za kesho angesema. Badala yake walichagua wenyewe gizani, kisha wakamtuma dada wa Dar aseme mfumo.

Ukiwa unatumia Kisongo, na watu wa Arusha tutaendelea kukitumia kwa sababu kiko kilomita kumi tu kutoka mjini, jilinde hivi.

Kata tikiti ya asubuhi. Saa moja au saa mbili asubuhi joto liko nyuzi 16 au 17, na kimo kile cha kuhisi kinashuka kwa zaidi ya futi 1,200 ukilinganisha na saa nane. Huo ndio uzito wa mabegi yenu. Tahadhari moja: miezi ya Juni hadi Agosti asubuhi ya Arusha ina mawingu mazito yaliyolala chini, na ndege inayokuja kuwachukua inaweza kushindwa kutua ikaenda kusubiri KIA, kile kiwanja kikubwa cha Kilimanjaro. Kipindi hicho ndege ya saa nne ni salama zaidi kwa ratiba, baridi bado ipo na wingu limeanza kupanda.

Kwenye mizani ya kaunta, angalia namba kabla hujaweka begi. Lazima isome sifuri. Ikisoma kilo moja au mbili ikiwa tupu, mwambie mhudumu airudishe sifuri, ni kazi ya kubonyeza kitufe. Tafuta na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika. Ukikuta stika imepitwa na wakati, una haki ya kuhoji kilo za ziada unazodaiwa.

Kama unapanda ndege ndogo za injini moja, zile Caravan zinazokwenda Serengeti na Zanzibar, begi gumu lenye magurudumu liache nyumbani. Mzigo unakaa kwenye sanduku lililofungwa chini ya tumbo la ndege, milango yake ni midogo, na begi la plastiki ngumu halikunjiki. Kilo 15 kwenye begi laini ndiyo desturi. Usikasirike ukipandishwa wewe mwenyewe kwenye mizani, hiyo ni dalili ya shirika linalofanya kazi vizuri: ndege nzima ikijaa ni tani nne hivi tu, na watu wanne wenye miili wakikaa nyuma wote, uzito unahama mkiani. Ukiambiwa uhame kiti, hama.

Dawa, vyeti, chaja na nguo ya siku moja zikae mkononi. Piga picha begi lenyewe na kile kipande cha kitambulisho wanachokubandikia kwenye tikiti. Kitambulisho cha mashine kina tarakimu kumi, na hizo ndizo zitakazotafutwa, si rangi ya begi. Kama kimeandikwa kwa kalamu, hakikisha kituo unachoshukia kimeandikwa sawa. Ndani ya begi, juu ya nguo, weka karatasi yenye jina na namba ya simu, kwa sababu vitambulisho vya nje hukatika kwenye toroli.

Begi lisipofika, usitoke kiwanjani bila fomu ya mzigo usiofika. Watakuambia piga simu. Kataa. Fomu ijazwe hapo hapo, iwe na namba ya kumbukumbu, ubaki na nakala. Kama safari yako ya Arusha–Dar ni kipande cha tikiti moja inayokwenda nje, tuseme Arusha–Dar–Dubai, unalindwa na Mkataba wa Montreal ambao Tanzania ni mwanachama: malalamiko ya mzigo uliochelewa yawe kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na ya mzigo ulioharibika ndani ya siku 7. Ukichelewesha umejifungia mlango. Kwa safari ya ndani tupu, andika kwa shirika kwanza, na wakikaa kimya peleka nakala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kuna atakayesema nenda KIA. Ni jibu la haki. Kiko mita 894, na njia yake ya kurukia ni mita 3,600. Hata jua likiwaka nyuzi 31, ndege pale inajihisi iko futi 5,500 hivi, si 7,200, na lami ni karibu mara mbili ya Kisongo. Kiwanja kile kimefanya kazi tangu 1971 na wakati huu wa mchana hakikuachii begi kwa sababu hii. Lakini ni kilomita hamsini hivi kutoka mjini, zikiwemo zile sita za kutoka njia panda, na nauli ya teksi inaweza kukaribia nusu ya tikiti yenyewe. Watu wa Moshi wao hawana haja ya kuumiza kichwa, KIA ni yao. Mtu wa Ngaramtoni au Sakina kumwambia aende KIA kupanda ndege ya Dar ni kumzungusha.

Nikiandika hivi naona nyota moja ni uonevu. Kiwanja chenyewe kimebadilika: foleni ya ukaguzi inasogea, chalii wa mizigo walinisaidia kwa adabu, ndege iliondoka kwa wakati. Upande wa Arusha ningewapa tatu bila kusita. AFCON ya 2027 inakuja, uwanja wa mpira unajengwa Olmoti, na wageni watakaoshukia Kisongo watakuta mahali panapoeleweka. Ningependa hata kuwashauri mashirika mambo mawili madogo tu: ndege za mchana wauze viti pungufu miezi ya joto, au wawe na gari moja la kupeleka mabegi yaliyobaki KIA jioni ileile yapande ndege ya usiku. Kilomita hamsini za lami, begi linalala Dar.

Halafu nakumbuka yule mama, na tatu hizo zinaniponyoka.

"Kesho" ilikuwa keshokutwa. Nilipofika, begi lilikuwa sakafuni karibu na mlango wa choo, kifungo cha zipu kimekatwa, kitambulisho hakipo. Lile la mama lilikuwa pembeni yake, bado halijachukuliwa. Dada akasukuma karatasi ya kupokelea, tarehe imeshajazwa kwa kompyuta: siku ile ile tuliyosafiri. Yaani nikisaini, begi langu halikuchelewa hata saa moja, na ile fomu yangu haina maana. Akasema, "Saini hapo chini, kaka, kuna watu nyuma yako." Ukipewa karatasi ya namna hiyo, kata tarehe yao kwa mstari mmoja unaosomeka, andika yako pembeni pamoja na saa, andika na hali ya zipu, ndipo usaini. Nilifanya hivyo. Nikaacha ujumbe kwenye karatasi ya begi la mama, ile yenye namba yake ya simu iliyokuwa imechomoza kwenye mfuko wa nje, kwamba naye asisaini kabla hajasoma tarehe.