Kununua kanga Unguja: kagua pindo kwanza

Malalamiko ninayoletewa na wanaorudi kutoka Unguja yanafanana. Kanga ilipendeza dukani, ikafuliwa mara moja tu, ikawa upogo. Ukijifunga, pindo, yaani ule mpaka wa maua unaoizunguka kanga, upande mmoja linagusa kifundo cha mguu, upande wa pili limepanda hadi kwenye muundi.

Rangi na jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, sivigusi. Kila mtu ana macho yake, na anamjua anayetaka kumpelekea ujumbe. Mimi shida yangu ni pindo.

Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoshikana, kila kimoja karibu meta moja na nusu kwa meta moja na kitu. Kitambaa kikivutika upande wakati wa kupigwa chapa, maua hayafuati nyuzi. Dukani huoni, kwa sababu wanga umeikakamaza. Maji yakiutoa wanga, nyuzi zinarudi zilikokuwa na pindo linakwenda kombo. Hapo hata fundi hodari hakusaidii.

Kwa hiyo mwambie muuzaji aikunjue yote. Tafuta ule ukanda mwembamba kati ya vipande viwili, pa kukatia. Shika uzi mmoja kwa ukucha, uufuate toka ukingo hadi ukingo. Ukianzia kwenye ukanda ukaishia ndani ya pindo, irudishe. Kisha ikunje katikati, pindo juu ya pindo. Zisipolingana, irudishe vilevile.

Katika kanga zenyewe, ya kwanza kwangu ni Mali ya Abdulla, ya Kaderdina Hajee Essak wa Biashara Street, Mombasa, walio kwenye biashara tangu 1887. Naipendelea waziwazi. Ni pamba, mji, yaani mchoro wa ndani ya pindo, unakaa katikati, na chapa yao utaisoma ukingoni kwa herufi ndogo. Unguja usitarajie kuikuta kila duka. Ulizia kwa wauzaji wa jumla, au mwagize mtu anayetoka Mombasa.

Ya pili ni kanga za pamba kutoka India, ambazo zimejaa madukani. Zipo nzuri sana, ila robota moja linaweza kuwa limenyooka na linalofuata limekwenda mrama, kwa hiyo ukucha usipumzike. Na ukibahatika kukuta doti ya zamani ya Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, ichukue kabla hujauliza bei.

Za poliesta ni rahisi, lakini hazinyonyi jasho na zinateleza kiunoni. Labda kwa pazia.

Linaloniudhi zaidi ni mchezo wa mitaa ya watalii Mji Mkongwe. Doti inakatwa kwa kukadiria, mkasi unakula pindo, halafu kila kipande kinauzwa peke yake kwa bei ya doti nzima. Nilipomuuliza muuzaji mmoja, alinijibu kwamba mgeni hajui. Hajui kwa sababu hamkumwambia! Kanga moja ya kiuno, moja ya kichwa, au moja ya kujifunga na moja ya mbeleko: ndivyo mama zetu walivyozivaa, na anayenunua nusu anastahili kuambiwa kwamba ni nusu.

Dai doti ambayo haijakatwa, uikate mwenyewe kwa kufuata uzi, ndipo umpelekee fundi wa cherehani. Muuzaji akikataa kuikunjua, muage. Sokoni Darajani maduka ya kanga yamepakana.