Mfumo wa kufuatilia malori ulivyomwita Babu mwizi

Najua wengi mnaosoma tathmini hizi mnaangalia nyota tu, basi hizo hapo: mbili. Nikimaliza kuandika huenda zikapungua.

Nafuatilia magari kwenye kampuni ndogo ya malori, njia ya Dar kwenda Tunduma, mengine yanavuka hadi Zambia. Kabla ya mfumo huu nilikuwa na GPS kwenye skrini moja, vipimo vya mafuta kwenye programu nyingine, miamala ya vituo vya mafuta inakuja kwa barua pepe siku inayojisikia, na risiti za mizani madereva wanazipiga picha na kunitumia WhatsApp, mimi nazipiga upya kwenye Excel. Mtu akinyonya mafuta Mafinga leo, mimi nashtuka wiki ijayo, tena kwa kukisia.

Wakaja hawa jamaa na mfumo wa kumeza vyote hivyo na kuvipanga pamoja. Gari kusimama si kosa. Mafuta kupungua si kosa. Lakini gari limesimama, injini imezimwa, mafuta yanashuka kwa mkupuo na hapo hakuna kituo cha mafuta, basi pana mtu ameshika mpira na dumu. Mfumo ndio unaokaa macho ukisubiri mambo hayo manne yakutane, halafu unakutumia meseji. Sitadanganya, niliupenda. Mwezi wa kwanza nilikuwa nawaonyesha mpaka wageni waliokuja ofisini kudai hela zao.

Sasa ile siku. Mvua zilikuwa zimeanza, hilo nakumbuka. Saa tano usiku na dakika kidogo, nimeshapanda kitandani, simu ikalia: wizi wa mafuta, Mikumi, 20:05, lita 64. Na gari ni la Babu.

Babu ni dereva wetu wa siku nyingi, mtu mzima, hata meneja anamwamkia shikamoo. Nikampigia. Akaniambia, "Mwanangu, saa mbili mimi nilikuwa mlima Kitonga nashuka na gia nzito, breki zinanuka. Hapa Mikumi ndiyo kwanza nazima gari. Hayo mafuta nimeyaiba na mkono upi?" Nikamwambia Babu, mfumo unaonyesha. Neno hilo nalijutia hadi leo. Mfumo unaonyesha! Kama vile mfumo ulizaliwa na mama yake.

Asubuhi meneja akamsimamisha. Siku tisa amekaa benchi nje ya ofisi yetu, hana safari, hana posho, na kila nikipita ananisalimia vilevile, "Mwanangu, umeamkaje." Afadhali angenitukana.

Siku ya tatu nikawapigia huduma kwa wateja. Nilikuwa na swali moja tu: kwa nini tukio la saa mbili meseji yake inaingia saa tano? Kijana akajibu bila hata kufungua kitu (nilisikia anatafuna), "Mtandao ulichelewa, dada." Nikamwambia dereva anasema saa mbili alikuwa Kitonga. Akacheka. "Dada, kompyuta haidanganyi. Madereva ndio wanadanganya." Nikaendelea kubisha, akaniuliza, nanukuu, "Au labda unachanganya na saa za Kiswahili?"

Kaka yangu, kama utasoma hapa: saa za Kiswahili zinapishana na hizo zako kwa sita. Sita! Mtoto wa darasa la pili anajua. Mimi nilikuwa nakulilia tofauti ya tatu. Ungenisikiliza dakika moja ungejua ugonjwa uko wapi, maana namba nilikuwa nimeshakupa mkononi. Nyota moja. Zile mbili nilikuwa na huruma.

Kilichomwokoa Babu ni karatasi. Nilichukua risiti yake ya mizani ya Wenda, pale Iringa, siku hiyohiyo: 17:32. Nikafungua mfumo, gari liko kwenye mizani ya Wenda: 14:31. Nikavuta risiti za magari mengine matatu. Yote mfumo unayarudisha nyuma kwa saa tatu, halikosi hata moja. Mikono ilianza kunitetemeka.

Mpwa wangu anayesomea mambo haya alikuja Jumamosi, akaomba aone taarifa ghafi. Saa za GPS zote zina herufi Z mwishoni. Akasema hiyo Z maana yake ni saa ya dunia, ya kule Greenwich, sisi tuko mbele yake kwa saa tatu mwaka mzima. Programu ya hawa jamaa ilikuwa inaikata ile Z na kuitupa, kisha inaisoma namba iliyobaki kama saa ya Dar. Fimbo ya kupimia mafuta kwenye tangi, fundi aliitega kwa saa ya Dar tangu mwanzo. Kwa hiyo Babu aliposhuka Kitonga saa mbili, lori limeinama, mafuta yakakimbilia mbele ya tangi, fimbo ikasoma pungufu. Alipoegesha Mikumi saa tano, GPS ikaandika saa mbili. Mfumo ukaviunganisha: amesimama, amezima, mafuta yameshuka. Mwizi.

Na ukitazama mchoro wa mafuta wa usiku ule, mstari unadumbukia kama shimo halafu unapanda tena palepale ulipokuwa. Mwizi gani anarudisha? Lakini hakuna aliyeutazama, mimi nikiwa wa kwanza.

Mpwa wangu anasema kufuata saa iliyoandikwa na kifaa si kosa, kwa sababu milimani mtandao unakatika, vifaa vinatunza taarifa na kuzimwaga baadaye. Hata programu za bure za kuchakata taarifa zinazomiminika, kama Apache Flink, zinakuachia uchague kati ya saa ya tukio na saa ya taarifa kuchakatwa. Ila ukichagua saa ya kifaa, basi uijue ni saa ya wapi. Hawa waliijua ya wapi?

Wakarekebisha, baada ya wiki kadhaa na barua pepe ambazo siwezi kuzirudia hapa. Kuomba radhi hakuna. Lilikuja tangazo la toleo jipya, mstari mmoja: "Maboresho ya mwonekano wa saa." Mwonekano!

Lakini niseme ukweli, inaniuma kuusema. Haukupita muda, meseji ikaja ya gari lililoegeshwa nje kidogo ya Makambako. Safari hii nikalinganisha na risiti kabla sijafungua mdomo. Saa zinakubaliana, mstari umeshuka na haukupanda. Alikuwa kijana ambaye mimi mwenyewe ningemwekea dhamana. Kwa Excel yangu nisingemkamata kamwe. Kwa hiyo nyota tatu? Usiku ule ningewapa hata nne. Halafu asubuhi nikapita kwenye lile benchi, nikazirudisha.

Mkataba unakaribia kuisha, fomu iko mezani kwangu, na meneja anataka jibu. Nadhani tutaongeza, maana kurudi kwenye Excel siwezi. Ila yule kijana wa simu asipangiwe kampuni yetu. Andikeni moja na nusu.

Babu yuko barabarani, posho ya siku tisa alilipwa. Juzi usiku akanipigia: "Mwanangu, nimeegesha Mikumi. Saa tano na dakika sita. Injini nimezima. Andika." Nikaandika, kwa kalamu, kwenye daftari.