Kamera ndogo ya safari na ya kila siku: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kama picha zako zote zinaishia kwenye status ya WhatsApp na simu yako bado inafanya kazi vizuri, usinunue kamera. Hela hiyo ifanye nauli, uende mahali penye kitu cha kupiga. Kamera ndogo inastahili kukaa mfukoni pamoja na simu pale tu inapofanya jambo ambalo simu hailiwezi, na kwangu mambo hayo ni manne: kuvuta kitu cha mbali bila picha kuchakaa, kuzama majini, kupiga usiku taa zikiwa hafifu, na flashi ya kweli.

La flashi ndilo wengi wanalidharau. Mpige picha mzee aliyevaa kanzu nyeupe, saa saba mchana, nje ya msikiti. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Kanzu inatoka safi, uso wa mzee unatoka umezimika, na macho yamepotelea kwenye kivuli cha jua la utosini. Ukiongeza mwanga uso unarudi, lakini kanzu inaungua na zile darizi za shingoni zinafutika. Washa flashi mchana huo huo, simama hatua mbili tatu kutoka kwake, na vyote viwili vinakaa. Kitaa cha simu hakina nguvu ya kushindana na jua.

Haya, orodha yenyewe.

1. Sony RX100 VI au VII

Hii ndiyo naipa nafasi ya kwanza kwa mtu anayetaka kamera moja tu. Ya VI ilitoka 2018, ya VII mwaka 2019 kwa bei ya takriban dola 1,200. Lenzi ya zote mbili inaanza milimita 24, inayoingiza ukoo mzima kwenye fremu moja, hadi 200, inayovuta cha mbali. Ina flashi inayochomoza juu, ina kidirisha cha kuchungulia jua likiwa kali na kioo hakisomeki, na ya VII ina uzito wa gramu 302. Sensa yake (si ile ya watu na makazi, nasema kile kibamba kinachopokea mwanga) ni ya inchi 1, eneo lake mara nne hivi ya zile za kamera ndogo za kawaida.

Kasoro zake nazijua kwa sababu nimeishi nazo. Mwili unateleza kama sabuni, kwa hiyo kamba ya mkononi ni lazima. Betri, kwa vipimo vya kampuni, ni picha 260 kwa ile ya VII; nunua mbili za akiba. Bahati nzuri ni ile ile NP-BX1 iliyotumika tangu RX100 ya kwanza ya 2012, kwa hiyo haiadimiki.

Kubwa kuliko yote ni vumbi. Lenzi inayotoka na kurudi inavuta hewa, na hewa inaingia na vumbi lake. Yangu niliiua hivyo mwenyewe, barabara ya Mikumi, kiangazi, dirisha wazi nyuma ya lori, naitoa na kuirudisha lenzi kila nikiona twiga. Wiki iliyofuata kila anga niliyopiga ilikuwa na doa lile lile la kijivu, juu kulia. Fundi alisema lenzi nzima lazima ifunguliwe, na bei aliyonitajia ilikaribia nusu ya kamera.

Mfuko ukiwa mwembamba, tafuta RX100 III ya 2014 iliyotumika. Inaishia milimita 70, kwa hiyo simba wa mbali msahau, lakini lenzi yake inafunguka hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi) na usiku inazishinda zile za VI na VII.

2. Olympus Tough TG-6, au OM System TG-7

Mtu wa pwani anaweza kuipandisha hii hadi ya kwanza na nisibishane naye. Inazama mita 15 bila kuvalishwa boksi lolote la kuzuia maji. Ukienda Mafia kati ya Oktoba na Februari kuogelea na papa potwe, hakuna nyingine kwenye orodha hii utakayothubutu kuitumbukiza hivi hivi. Lenzi inajivuta ndani kwa ndani, haichomozi nje, kwa hiyo vumbi la Mikumi halina pa kuingilia. Inasogelea kitu hadi sentimita 1: ua la karafuu linajaa fremu.

Sensa yake ni ndogo. Jioni Forodhani, kwenye mwanga wa taa za wauza urojo na mishikaki, utapata chenga kama za televisheni ya zamani. Na kabla ya kuingia majini fungua vifuniko vya betri na vya kuchajia uangalie mipira yake ya kuzuia maji. Unywele mmoja au chembe moja ya mchanga inatosha kupitisha maji. Ukitoka, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi.

3. Ricoh GR III

Haina zumu, haina flashi, na betri ni picha 200 hivi (inafanana na ya TG-6, mwenye zote mbili atabeba akiba moja). Mbona basi iko ya tatu? Kwa sababu sensa yake ni ya APS-C, saizi inayotumika kwenye kamera kubwa za kubadilisha lenzi, eneo mara tatu hivi ya ile ya Sony, ndani ya mwili wa gramu 257. Unaweza kuipangia fokasi ya mita mbili, ukapita vichochoro vya Mji Mkongwe ukibonyeza tu, bila kuisubiri itafute. Ni ya mtu anayependa mitaa. Asiyependa kusogea karibu na watu ataichukia.

Fujifilm X100VI ya 2024 ina flashi, ina megapikseli 40, na ni nzuri hata kuitazama. Lakini gramu 521 si za mfukoni, na dola 1,599 ilizotoka nazo ni nyingi kwa lenzi isiyovuta.

4. Zenye zumu ndefu: Canon SX740 HS na Lumix TZ za Panasonic

Canon inafika milimita 960, lakini huko mwisho lenzi imebana hadi f/6.9. Jua likiwepo utamleta tai karibu. Jua likizama, irudishe mkobani.

5. Zile za "4K, megapikseli 48" zisizo na jina

Ziko nyingi mitandaoni, bei ya kutupa. Megapikseli hizo zimeumuliwa na programu kama andazi. Mpwa wangu alinunua moja. Simu yake ya zamani inaishinda.

Ukinunua iliyotumika, iwashe na kuizima mara kumi ukisikiliza lenzi kama inakwaruza. Piga ukuta mweupe kwa f/11, kuza picha, tafuta madoa. Kisha fungua menyu: Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, na wauzaji wengine hawalisemi hilo mpaka umeshalipa.

Baada ya hapo adui ni unyevu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la Dar, iache ndani ya begi nusu saa, la sivyo lenzi inafanya ukungu. Nyumbani isilale kwenye pochi yake ya ngozi, kuvu linapapenda. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele usiweke, una vumbi.