Ekzosi ya mlio Kampala: ipi uanze nayo, ipi uikimbie

Tukubaliane jambo moja kabla hujatoa pochi. Kwenye magari mengi yanayotembea Kampala, ekzosi mpya unanunua mlio, nguvu haimo. Premio ya 1.5, Wish ya 1.8, Spacio, hata Forester isiyo na tabo (turbo), ukibadilisha kuanzia katikati hadi nyuma utapata nguvu za farasi chache tu, tena kule juu ambako mshale wa mizunguko haufiki kwenye foleni ya Jinja Road. Gari lenye tabo ni habari tofauti, maana tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, huzungushwa na moshi wenyewe, na moshi ukitoka kwa wepesi injini inausikia. Wengine wote tunalipia sauti. Hakuna aibu hapo, mradi ujue unacholipia.

Kwa hiyo nimezipanga hapa chini kwa kuangalia mambo haya: sauti utakayoivumilia kila siku, namna inavyokaa chini ya gari bila kulikata, na kama itasalimika kwenye matuta na mashimo yetu. Bei sitaandika. Za Kisekka, soko letu la vipuri, hupanda na kushuka kufuata dola, aina ya gari, na viatu ulivyovaa siku hiyo.

Ya kwanza: sailensa ya nyuma ya Kijapani, mtumba

Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, na vipuri vyake vinakuja kwa njia hiyohiyo. Ndani ya makontena hayo humo sailensa ambazo Mjapani alizinunua mpya akaziendesha kwa adabu: HKS, Fujitsubo, Blitz, GReddy, Tanabe, Kakimoto. Zunguka Kisekka kwa subira, kisha uvuke hadi Ndeeba, utazikuta zimetupwa chini ya rundo la bampa na hakuna anayezitazama.

Ninaziweka juu kwa sababu ya sheria ya kwao. Kwa magari ya kuanzia miaka ya mwisho ya tisini, Japani iliweka kikomo cha desibeli 96 kwa mlio wa ekzosi unaopimwa karibu na bomba, gari likiwa limesimama. Watengenezaji wana umoja wao, JASMA, wenye kibati cha kuthibitisha kwamba sailensa imepimwa. Ukikuta kibati hicho, umeshika kitu kilichoundwa na mhandisi ili kisikike bila kuamsha mtaa. Kinanguruma chini, si kinabweka.

Faida ya pili ni kwamba inafungwa kwa boliti. Iliundwa kwa gari fulani, flanji, yale mabamba ya kuungia, inakutana na flanji, vishikizo vinaingia kwenye mipira yake. Hakuna kukata. Ila lazima ujue msimbo wa chesisi yako, umeandikwa kwenye kibati cha chini ya boneti: Wish ya 1.8 ni ZNE10, Premio ya 1.5 ni NZT240, Forester ya zamani ya tabo ni SF5. Usikubali muuzaji akikwambia "ya Wish ni ya Wish tu". Wish inayovuta kwa magurudumu yote manne ina difu nyuma, na bomba lake linapindia kwingine.

Ukiishika mkononi, itikise. Ikilia kama kuna mawe ndani, vizuizi vya ndani vimeachia, irudishe. Chungulia mdomoni kwa tochi: nyuzi nyeupe zikichomoza, sufi yake imeisha na mlio utakuwa wa kupasuka. Pitisha bisibisi kwenye mshono wa chini, huko ndiko maji hukaa na kutu huanzia. Tundu dogo la kutoboa ukiliona sehemu ya chini, usimruhusu mtu alizibe, ni njia ya maji. Zile zenye mdomo mpana kama mzinga mara nyingi zilikuja na kizibo cha ndani kinachokazwa kwa boliti moja ili kupunguza sauti. Kiulizie. Muuzaji atasema hakikuwepo. Mwambie atafute tena.

Na bandia? Zipo tele. Zina nembo kubwa ya kuvutia, lakini hazina namba ya modeli wala kibati cha kipimo.

Ya pili: ya kutengenezewa Katwe

Gari lako likiwa halina sailensa ya Kijapani inayoliingia, nenda Katwe. Mafundi wa kule wametengeneza vitu vya chuma tangu zamani, na yupo anayeweza kukupa kazi utakayojivunia. Yupo pia atakayekuchomelea bomba la maji. Tofauti kati yao utaiona kwa maswali.

Uliza kwanza: bomba gani? Bomba la maji lililopakwa zinki ni zito, na likichomelewa ile zinki inaungua inakuwa moshi wenye sumu kwa fundi, na kwenye mshono kinga dhidi ya kutu inakuwa haipo tena. Taka bomba la ekzosi. Kama ni chuma cha kawaida, kubali kwamba misimu ya mvua italila. Kama anakuuzia stenlesi, toka na sumaku mfukoni. Daraja la 304 halishiki sumaku, au linaishika kwa udhaifu sana. Daraja la 409 linashika kabisa, na hupata kutu ya juujuu, ingawa ndilo viwanda vingi vya magari hutumia na linadumu vizuri. Usilipe bei ya 304 kwa kitu kilichong'ang'ania sumaku.

Swali la pili ni kona. Bomba linalokunjwa kwa mashine ya kuminya linakuwa bapa pale kwenye kona, njia inabanwa na umelipia unene usioupata. Fundi mzuri anaunga viwiko vilivyokwisha kupindwa kiwandani.

La tatu, unene wenyewe. Hapa ndipo vijana wengi huharibu gari. Injini ya kati ya 1.5 na 2.0 isiyo na tabo inatosheka na milimita 50, inchi mbili. Ukiweka inchi tatu moshi unapoteza kasi ndani ya bomba na gari linakuwa zito chini, yaani palepale unapolihitaji ukipanda Muyenga na abiria wanne. Inchi mbili na nusu hadi tatu waachie wenye tabo ya 2.0 na kwenda juu.

Halafu mwombe akuonyeshe ndani ya boksi la sailensa kabla hajalifunga. Lile bomba lenye matundu linapaswa kufunikwa na waya wa chuma, kisha sufi ya kioo inayostahimili joto. Wengine hujaza waya peke yake. Miezi michache unaungua, unatoka nje vipandevipande, na wewe unashangaa mbona gari linazidi kupiga kelele. Boksi kubwa linapoza sauti kuliko dogo, hakuna uchawi. Na usikubali rezoneta ya katikati itolewe "kwa sababu haina kazi". Kazi yake ni kuua ule mvumo wa besi unaokaa kichwani gari likiwa kwenye mwendo mmoja. Mjini hutausikia. Utausikia Entebbe Expressway kwenye kilomita 100 kwa saa, na ukifika uwanja wa ndege mama mkwe amenyamaza kabisa.

Hili nalo liseme mapema: fundi aweke flanji na gasketi, asichomelee mfumo mzima ukawa kipande kimoja. Siku ukitaka kushusha giaboksi utamkumbuka.

Ya tatu: kurudishia ya asili

Kama shida yako ni ekzosi iliyooza tu na hutaki sifa, tafuta ya asili iliyotumika, ya gari kama lako, uweke mdomo mzuri nyuma. Ni kimya, inadumu, na wakaguzi hawana la kusema. Ningeiweka ya kwanza kama mwongozo huu ungekuwa wa madreva wa spesheli, teksi za kukodi.

Ya nne: boksi jipya la Kichina

Linang'aa dukani. Ndani ni bomba lenye matundu na sufi kidogo, basi. Linafaa kama moyo wa kazi ya Katwe ikiwa limepita mtihani wa sumaku na ni refu. Zile fupi zenye mdomo mkubwa, zenye mlio wa mkebe, ziache kwenye rafu.

Ya tano: kuagiza seti kamili mpya ng'ambo

Ubora wake hauna mpinzani, ila usafiri na ushuru utakuumiza, na kwa gari lisilo na tabo ni pesa nyingi kwa tofauti ndogo. Kwa Impreza WRX au Forester ya tabo, sawa. Angalia tu usukani: seti nyingi zimepimwa kwenye magari ya Marekani yenye usukani wa kushoto, na vipande vya mbele vinaweza kugongana na fito ya usukani wako.

Nikiwa kwa Subaru, kuna jambo linalowachanganya wengi. Ule mlio wa kugugumia ambao watu waliuzoea kwenye Pearl of Africa Rally hauzaliwi na sailensa. Unatokana na manifoldi, yale mabomba ya kwanza yanayotoka kwenye silinda, ambayo hayalingani urefu, kwa hiyo mapigo ya moshi wa silinda moja na ya mwenzake yanafika kwa nafasi zisizolingana. Legacy ya Kijapani iliyoanza mwaka 2003 ilipewa mabomba yanayolingana, mlio ule ukaondoka. Ukiwa na BP5, yaani Legacy hiyo, unaweza kununua sailensa kumi. Itavuma vizuri, kugugumia haitagugumia.

Ya mwisho kabisa: bomba tupu, na kutolewa kataliti

"Bosi, hii kataliti tukutolee bure, gari lipumue."

Utaambiwa hivyo, tena kwa upendo. Jiulize kwa nini ni bure. Kataliti ni ile tumba ya mbele inayosafisha moshi, na ndani yake kuna masega yaliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye thamani duniani, na wapo wanunuzi wanaoyapima kwa uzito. Anayekutolea bure amekwisha kulipwa. Wewe unabaki na taa ya injini, kwa sababu sensa ya oksijeni ya nyuma inaona moshi haukusafishwa na kompyuta inaandika msimbo wa hitilafu P0420, na unabaki na harufu inayoingia ndani ukisimama kwenye foleni. Kama kataliti imeziba kweli, gari halivuti na joto limezidi chini, weka nyingine ya gari kama lako.

Bomba tupu lisilo na sailensa ni tatizo lingine. Kelele Uganda zina kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, tangu 2003, na afande wa barabarani hahitaji kipimo chochote ili akusimamishe. Yeye ana masikio. Jirani pia anayo.

Mdomo wa nyuma

Huu ni pambo. Hauongezi nguvu, na sauti haubadilishi kiasi cha kusikika. Ndiyo maana uununue kwa macho, ila kwa vipimo sahihi: pima kipenyo cha nje cha bomba lako, kisha cha ndani cha mdomo unaouingiza. Wenye kuta mbili hukaa safi zaidi, kwa sababu ukuta wa nje haupati joto la moja kwa moja. Wa ukuta mmoja utageuka rangi ya dhahabu chafu. Rangi ya bluu ya kuungua, ile vijana wanaipenda, ikitokana na joto kwenye chuma chenyewe haitoki kirahisi, ikiwa ni rangi ya kupulizia itabanduka kwa pasi ya kwanza ya brashi. Kromu juu ya chuma cha kawaida huanza kutoa vipele vya kutu ndani ya mdomo, hivyo ingiza kidole utazame. Nembo ya Akrapovič, kampuni maarufu ya ekzosi, kwenye mdomo unaouzwa barabarani haikutoka kwao.

Uufunge kwa klampu kwanza, uendeshe wiki moja, ndipo uuchomelee ukiridhika. Uache nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye bampa, ya plastiki inayeyuka. Na utokeze nje ya bampa kidogo. Bomba linaloishia chini ya buti linaingiza hewa yenye sumu ndani ya gari, hasa kwenye Noah na magari mengine ya mlango mkubwa wa nyuma ambao mpira wake umechoka.

Siku ya kufunga

Kabla ya cheche ya kwanza, waya hasi wa betri utoke. Umeme wa kuchomelea unaweza kuua kompyuta ya gari. Simama uangalie bomba la mafuta na nyaya za ABS zimefunikwa. Nunua gasketi mpya na mipira mipya ya kuning'inizia. Mipira ya zamani ikilegea ekzosi inagonga sakafu kila tuta. Kazi ikiisha, liwashe likiwa baridi, weka kitambaa kwenye mdomo wa ekzosi kwa sekunde chache usikilize kwenye viungo. Ikilia "fss" karibu na sensa ya mbele, hapo pakazwe kabla hujalipa, kwa sababu hewa inayoingia pale inaidanganya kompyuta, nayo inaongeza petroli. Baada ya siku chache za kupata moto na kupoa, rudi boliti zikazwe tena.

Sailensa yako ya asili usimwachie fundi. Ioshe, ipake mafuta, iweke stoo, kwa sababu mnunuzi wa Wish anayekuja na mke na watoto kulijaribu gari atataka liwe kimya, na ukiirudisha asubuhi hiyo unaweza kuiuza ile ya Kijapani peke yake.